Ile shingo nyeusi haiko buchafu

Mama, baba, kama uko na mutoto munene katika nyumba, mwite leo karibu nawe. Mwangalie nyuma ya shingo na ndani ya makwapa. Je, ngozi pale imekuwa nyeusi kupita pengine, tena nene? Wazazi wengi wanazani ni buchafu. Wanatwaa sabuni, wanasugua, wanagombeza: "Haujue kunawa!" Mutoto anasikia haya, na ule weusi hautoke.

Hautoke sababu shida iko ndani. Nyuma ya tumbo kuko kiungo kinachoitwa kongosho. Kinatoa insulini, ambayo inafungulia sukari mulango ili itoke katika damu na kutia mwili nguvu. Mafuta ya tumbo yakizidi, mulango unakuwa mugumu. Basi kongosho inatoa insulini nyingi zaidi, na ile insulini nyingi ndiyo inafanya ngozi kuwa nene na nyeusi. Siku kongosho inachoka, sukari inabaki katika damu: ni ugonjwa wa sukari. Zamani wanganga waliita aina hii ugonjwa wa watu wazima. Leo wanaiona hata kwa vijana. Mafuta yanaweza pia kuingia katika ini, na tansio kupanda, lakini mutoto hasikie maumivu.

Kwa mutoto wa miaka 5 na zaidi, twaa kamba. Pima urefu wake toka kisigino mpaka kichwa, ukate pale. Kunja kamba katikati, zungusha ile nusu kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Kama ncha hazikutane, mafuta ya tumbo yamezidi.

Ukiona alama moja ya hizi, umupeleke ku lopitalo. Wapime tansio, na sukari asubuhi mbele hajakula. Miligramu 100 mpaka 125 katika desilita ni onyo. Kuanzia 126, wapime tena siku ingine; ikirudia, ni ugonjwa wa sukari.

Na nyumbani? Siku mushahara unatoka, wengi wetu tunaonyesha upendo kwa sukre. Lakini chupa ya Coca-Cola ya santilita 33 iko na gramu 35 hivi za sukari, kama vijiko vidogo 7. OMS inaona heri mutu mukubwa asipite gramu 25 hivi siku nzima!

Usimufungishe mutoto njaa, wala usimucheke. Unene si zambi. Nyumba yote ibadilike pamoja: maji pahali pa sukre, bitumbula mara moja moja, bukari kidogo na sombe, lengalenga ao maharagi kwa wingi. Atembee ao acheze mupira saa moja kila siku, na alale mapema.

Sisi tuliojua njaa tunafurahi kuona mashavu ya mutoto yamejaa. Si vibaya. Lakini Mungu alitupatia mutoto muzima, na damu yake pia tuiangalie. Basi, ndugu muzazi, weka sabuni chini, umupeleke kwa munganga.