Kabla ya Roma, kulikuwa na Masaka

Lori likitoka Bukoba na magunia ya maharage hupita Kyaka, huvuka Mto Kagera, kisha husimama Mutukula. Karatasi zikishagongwa muhuri, dereva hushika njia ya Masaka. Katika eneo hilo la Masaka ipo Seminari Kuu ya Katigondo, iliyoanzishwa mwaka 1911. Wafanyabiashara wengi wa mpakani hupita jirani nayo mara kadhaa kwa mwezi bila kujua kwamba kijana wa upande wa Tanzania alisomea upadre hapo, akaja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika zama hizi. Jina lake ni Laurean Rugambwa.

Alizaliwa mwaka 1912 Bukongo, katika nchi ya Wahaya, Wajerumani wakiwa bado watawala. Mwaka 1921 alibatizwa pamoja na wazazi wake. Baadaye akaingia Seminari ya Rubya, na hapo ndipo safari ilipoanza kuwa na gharama.

Gharama yenyewe haikuwa ya fedha tu. Kwa Mhaya, kibanja si shamba la migomba na mibuni peke yake. Ni mahali walipozikwa wazee, na hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Padri haoi. Kijana anayeingia seminari anawaambia wazazi wake, hata kama hatamki, kwamba kwa upande wake hapatakuwa na mjukuu wa kurithi. Familia zilizotoa wana wao miaka ile zilitoa kitu kikubwa kuliko karo. Na hakukuwa na uhakika wowote, maana wengi walioanza hawakufika mwisho. Mwaka hadi mwaka walezi walimpima kijana, naye alijipima mwenyewe.

Kutoka Rubya, Rugambwa alivuka kwenda Katigondo. Mpaka aliouvuka ulikuwa mstari tu uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, magharibi ya Ziwa Viktoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Watu wa pande mbili walikuwa wakijuana tangu kabla ya mstari huo. Hata hivyo, Kihaya na Kiganda ni ndugu, si mapacha, na anayekwenda kununua bidhaa Masaka kwa mara ya kwanza hulitambua hilo mapema. Darasani kulikuwa na lugha ya tatu, Kilatini, kilichowakutanisha vijana wa makabila mbalimbali kama Kiswahili kinavyowakutanisha watu sokoni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilidai falsafa kwa miaka isiyopungua 2 na teolojia miaka 4. Siku hizi kijana wa Bukoba aweza kusoma falsafa Ntungamo, karibu na nyumbani.

Lakini Katigondo ilimpa jambo ambalo halikuwa vitabuni. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka, Mganda aliyewahi kusoma sheria za Kanisa Roma, aliwekwa wakfu kuwa askofu na kukabidhiwa Masaka. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuwa askofu wa Kanisa la Kilatini. Walimu wa seminari walikuwa bado Wamisionari wa Afrika, Wazungu, ila nje ya lango la seminari aliyeongoza jimbo alikuwa Mwafrika, tena akisaidiwa na mapadri Waafrika. Kwa mseminari kutoka ng'ambo ya mpaka, hiyo haikuwa hadithi ya kusimuliwa. Ilikuwa mbele ya macho yake.

Desemba 1943 Rugambwa alipewa upadre, akiwa na umri wa miaka 31. Vita vilikuwa vikiendelea, na Roma haikufikika. Alipelekwa huko mwishoni mwa miaka ya 1940, akasoma Chuo Kikuu cha Urbaniana na kupata udaktari wa sheria za Kanisa, elimu ileile aliyoifuata Kiwanuka.

Wengi hudhani padri anayesoma Ulaya amejipatia nafasi. La hasha. Anatumwa na askofu wake, na anadaiwa kurudi. Jambo hilo limekuwa gumu kiasi kwamba mwaka 2001 Vatikani ilitoa maelekezo kuhusu mapadri wa nchi za misioni wanaopelekwa ng'ambo: masomo yafuate mahitaji ya jimbo lililomtuma, na muda ukiisha mtu arejee. Mfanyabiashara aliyewahi kumkabidhi kijana mtaji avuke nao mpaka anaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa.

Rugambwa alirudi. Desemba 1951 aliteuliwa kuongoza eneo la Kagera ya Chini, na Februari 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu. Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, na alikuwa huko mwaka 1979 wakati majeshi ya Tanzania yalipopita Mutukula na kuingia Masaka kwa silaha, juu ya njia ileile ya ujana wake.

Alifariki dunia Desemba 1997. Mwaka 2012 mabaki yake yaliletwa katika Kanisa Kuu la Bukoba, kilomita zipatazo 80 kutoka Mutukula.