Fahali Asiye na Uzito

Siku ya mpambano wa mafahali huko Malinya, Ikolomani, fahali husikika kabla hajaonekana. Ngoma ya isukuti humtangulia pamoja na nyimbo za vijana wanaomsindikiza. Mafahali wawili wakigongana vichwa, waliosimama karibu hurudi nyuma bila kuambiwa. Kitu kizito kikishashika mwendo hakizuiliwi kwa mkono, na pale uwanjani kila mtoto analijua hilo.

Huukumbuka uwanja huo kila nitazamapo filamu za anga za juu, maana nyingi hukosea katika mambo hayo mawili: sauti na mwendo.

La sauti ni jepesi. Sauti hubebwa na hewa, na huko hewa hakuna. Isukuti ikipigwa nje ya chombo, mpigaji ataihisi mikononi tu. Stanley Kubrick aliliheshimu hilo mwaka 1968 katika 2001: A Space Odyssey: nje ya chombo husikika pumzi za mwanaanga ndani ya kofia yake, au kimya kitupu. Star Wars ya 1977 ilijaza anga mingurumo, na wengi wakaifuata. Siilaumu, ile ni ngano, na haikujidai kuwa kitu kingine.

La mwendo ndilo linaloniuma. Wengi hudhani wanaanga huelea kwa kuwa uvutano wa dunia haufiki huko. Unafika. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, takriban kilomita 400 juu yetu, nguvu hiyo bado ni karibu asilimia 90 ya ile ya hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja huku wakiizunguka dunia kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Uzito hauhisiki, lakini tungamo, yaani wingi wa maada mwilini, halipungui hata chembe. Fahali wa Malinya angeelea huko kama unyoya, na akikubana ukutani kwa kasi angekuvunja mbavu vilevile.

Gravity, filamu ya Alfonso Cuarón ya 2013 iliyopata tuzo 7 za Oscar, iliteleza hapo hapo. Mwanaanga anayeigizwa na George Clooney ameshikiliwa na kamba, mwendo umekwisha, kisha anajifungua na kutokomea kana kwamba kuna kinachomvuta. Hakipo. Mwenzake angeivuta kamba kidogo tu, naye angerudi. Filamu iliyotutaka tuamini kila skrubu yake haikupaswa kututoa machozi kwa nguvu isiyokuwepo.

Hata hivyo, hofu yake kuu ni ya kweli: mabaki ya vyombo yanayozagaa angani. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi.

Wanuri Kahiu alituonyesha kwa filamu yake Pumzi, mwaka 2009, kwamba Mkenya anaweza kutunga filamu ya kisayansi. Atakayetunga ya anga na aanzie Mukuku. Pete ile ina takriban kilo 500, na kilo hizo zote ilikuwa nazo ilipokuwa ikielea huko juu.