Gari Ligeukalo Mtu: Roboti za Kijapani na Mikono ya Watoto wa West Nile

Kati ya vitu vyote vya kuchezea vilivyotoka viwandani katika karne iliyopita, ni vichache vilivyozusha mabishano marefu miongoni mwa watu wazima kama roboti za Kijapani zibadilikazo umbo. Mtoto hupewa lori dogo la plastiki na chuma. Akivuta hapa, akikunja pale, na kukiinua kichwa kilichofichwa ndani, lori hutoweka, na mbele yake husimama mtu mwenye mabega mapana na vioo kifuani. Baadaye mtu huyo hukunjwa tena, akarudi kuwa lori, wala hakuna kipande kilichobaki mezani. Jambo hilo la mwisho, la kutobaki kipande, ndilo linalowafanya watu wenye kazi zao na familia zao, huko Japani, Ulaya na Marekani, kuzikusanya roboti hizi kabatini na kuzijadili usiku kucha.

Katika miji kama Arua, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, kitu cha namna hii huweza kufika kwa njia mbili. Ama huja kikiwa kipya, nakala ya bei nafuu iliyotiwa katika mfuko wa nailoni, ama huja kikiwa kikuukuu, kimechanganyika na nguo za mitumba. Roboti ndani ya robota, kama wasemavyo wenye utani. Askari aliyepokea mshahara, akitaka kumfurahisha mwanawe aliyeko Koboko au Lurujo, huinunua. Siku ya pili mguu hutoka. Mama hunung'unika kwamba fedha hiyo ingalinunua sabuni na madaftari, na baba husema mtoto huyu hana adabu ya vitu. Kumbe mara nyingi mwenye kosa si mtoto. Mwenye kosa ni kiungo.

Neno lenyewe "roboti" lina asili ya kusikitisha. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitumia katika mchezo wake wa kuigiza uliochapishwa mwaka 1920, akalitoa katika neno la Kicheki "robota", ambalo maana yake ni kazi ya shokoa. Wazee wa West Nile, ambako utawala wa kikoloni ulichukua vijana kwa ajili ya mashamba ya miwa ya kusini na kwa ajili ya jeshi, hawahitaji kufafanuliwa shokoa ni kitu gani.

Wajapani walimpa mtumwa huyo wa chuma sura nyingine. Mnamo Desemba 1972, televisheni yao ilianza kuonyesha katuni iitwayo Mazinger Z, iliyobuniwa na mchoraji Go Nagai. Roboti kubwa iliyokuwa mashuhuri zaidi kabla ya hapo iliongozwa kutoka mbali. Lakini katika hadithi hii kijana huingia mwenyewe ndani ya kichwa cha roboti, akaiendesha kama dereva aendeshavyo kifaru. Kampuni ya Popy, iliyokuwa chini ya Bandai, ilitengeneza kwanza sanamu yake yenye urefu wa kama sentimita 60, kwa polithini, yaani plastiki ya jamii ile ile ya jerikeni ya maji. Mwaka 1974 ikatoa nyingine ndogo, nzito mkononi, iliyosubiwa kwa madini mchanganyiko yenye zinki, na ngumi zake zikiruka kwa springi. Mtoto aliyeishika alihisi uzito, na uzito ule ulimshawishi kwamba ameshika kitu cha kweli.

Mwaka huo huo wa 1974 ikaja katuni ya Getter Robo, na hapo ndipo udanganyifu ulipoingia. Katika hadithi hiyo ndege tatu huungana angani. Mpangilio wake ukibadilika, hutokea roboti nyingine, hata zikatimia roboti tatu. Kwenye kioo cha televisheni lilikuwa jambo la kupendeza sana, kwa sababu mchoraji alilivuta bati kama mpishi avutavyo donge la chapati. Kiwandani halikuwezekana. Bati halivutiki hivyo, na mtoto aliyekwenda dukani alirudi na kitu kisichoweza kufanya lile aliloliona jioni.

Mafundi walilichukulia jambo hilo kama deni. Mwaka 1975 katuni ya Raideen ilileta roboti iliyogeuka ndege, na mtu wa Popy aitwaye Katsushi Murakami alishughulikia umbo ambalo hata mkono wa mtoto ungeweza kuligeuza. Mwaka 1976 ikafuata Combattler V: magari matano yanayoungana kuwa jitu moja, na safari hii magari matano ya dukani yaliungana kweli kama yale ya katuni. Kuanzia hapo mchora katuni na fundi wa kiwanda walizidi kukaa meza moja. Murakami na wenzake hawakusifiwa kwa sura nzuri tu. Walisifiwa kwa kutimiza ahadi iliyotolewa kwa mtoto, jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa vitu vya kuchezea, wa zamani na wa leo, hawalioni kuwa deni hata kidogo.

Katuni hizo zilivuka bahari. Grendizer, iliyoonyeshwa Japani kuanzia mwaka 1975, ilifika Ufaransa mwaka 1978 kwa jina la Goldorak, kisha ikatiwa sauti za Kiarabu huko Lebanoni na kuenea hadi nchi za Ghuba. Watu wa makamo wa huko bado wanaukumbuka wimbo wake ulioimbwa na Sammy Clark, na mwaka 2022 Riyadh ilisimamisha sanamu ya Grendizer yenye urefu wa zaidi ya mita 33. Huko Ufilipino mambo yalikwenda kinyume: mwaka 1979 serikali ya Rais Marcos iliipiga marufuku katuni ya Voltes V, zikiwa zimebaki sehemu chache tu iishe, na watoto wakaachwa bila kuujua mwisho wa vita.

Ama lile lori lenye vioo kifuani, asili yake ni kampuni nyingine, Takara. Mwaka 1980 Takara ilianza kutoa magari na ndege ziitwazo Diaclone, na ndani yake walikaa vijidereva vidogo vyenye sumaku nyayoni. Mwaka 1983 ikaongeza mfululizo wa Micro Change, ambamo vitu vya nyumbani kama kinasa sauti na kamera viligeuka roboti. Mtu aliyeziona bidhaa hizi na kutambua kwamba zingependwa Marekani ni Henry Orenstein, Myahudi wa Polandi aliyenusurika kambi tano za mateso za Wanazi, akahamia Marekani mwaka 1947 na kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea. Yeye ndiye aliyewakutanisha Takara na kampuni ya Hasbro. Mwaka 1984 roboti zile zikaingia Marekani kwa jina la Transformers, na lori la Diaclone likawa Optimus Prime. Badiliko kubwa halikuwa la umbo. Wajapani walikuwa wameweka dereva ndani ya mashine. Wamarekani walimwondoa dereva, wakaipa mashine roho yake, jina lake na woga wake.

Katika mazungumzo ya wakusanyaji hakuna mzozo unaopita huu wa uaminifu wa kiungo. Je, roboti inageuka bila kuondoa mkono na kuurudisha? Je, magurudumu ya gari ndiyo yanayokuwa miguu, au yamebandikwa tu mgongoni kama mzigo? Mfano wanaoutaja kwa heshima ni ndege ya kivita ya katuni ya Macross ya mwaka 1982, iliyobuniwa na Shoji Kawamori akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Ndege hiyo ina hali tatu: ndege kamili, ndege yenye miguu na mikono, na askari aliyesimama. Kawamori ana mazoea ya kuyajaribu mawazo yake kwa matofali ya kuchezea ya Lego, akiyaunga na kuyabomoa hata umbo likubali. Kampuni ya Takatoku iliyoitoa ndege hiyo ilifilisika mwaka 1984. Kalibu zake zikaenda Bandai, na mwaka 1985 ndege ile ile ikauzwa Marekani na Hasbro kwa jina la Jetfire. Ndiyo maana mkusanyaji akishika kitu kikuukuu hutazama kwanza chapa iliyogongwa chini yake, kama mwenye duka aitazamavyo noti mpya.

Mzozo mwingine ni wa uzee. Jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Ipo pia plastiki ya rangi ya dhahabu yenye mng'aro wa mawimbi, ambayo baada ya miaka huoza ndani kwa ndani. Roboti husimama kabatini ikiwa nzuri kabisa, na siku inapokunjwa hupasuka kama biskuti. Basi wako wanaozifungia roboti zao katika maboksi wasiziguse kamwe, na wako wanaosema kwamba roboti isiyokunjwa haina tofauti na picha. Watoto, bila shaka, wangewaunga mkono hawa wa pili.

Liko jambo moja ambalo nyumba za askari na polisi zinapaswa kulitazama kwa macho makali kuliko nyumba nyingine. Adui mkuu wa Optimus Prime, aitwaye Megatron, alitoka katika mfululizo wa Micro Change akiwa bastola ya Walther P38, silaha iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa na umbo la bastola ya kweli, na ukubwa wake ulikaribiana nayo. Mwaka 1988 Marekani ilitunga sheria ya kutaka silaha za bandia zitiwe alama, kama ncha yenye rangi ya machungwa, na sheria hiyo ikaanza kufuatwa mwaka 1989. Megatron aliporudi madukani mwaka 1993 alikuwa amekuwa kifaru.

Sababu yake haihitaji mwanasheria. Askari wa doria anayemwona mtu gizani akinyosha bastola hana nafasi ya kuuliza kama inageuka roboti. Na mtoto aliyezoea kuivuta bastola ya bandia ili aone kichwa kikitoka ndani yake, siku atakapoiona bastola ya baba juu ya kabati, mikono yake itatafuta kichwa kile kile. Lori, ndege, kinasa sauti, hata kifaru, vinaweza kuingia nyumbani mwa mwenye sare bila shida. Bastola isiingie, hata ikiwa imetolewa kama zawadi na mjomba mpenzi.

Nalo West Nile lina kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1990 yalitegwa mabomu ya ardhini sehemu kadhaa za eneo hili wakati wa maasi, na ni mwaka 2012 ndipo Uganda ilipotangazwa kwamba imekwisha kuyaondoa. Hata hivyo, upande wa pili wa mpaka, Sudan Kusini, mabaki ya vita bado yamo ardhini, na watoto huvuka huku na huko na wazazi wao. Kitu cha chuma chenye umbo geni kilichookotwa porini hakiguswi wala hakirushiwi jiwe. Huachwa pale pale na polisi huitwa.

Turudi sokoni. Baba anayetaka kujua kama roboti iliyo mkononi mwake inafaa hahitaji kujua Kijapani. Aikunje mwenyewe mbele ya muuzaji, mara tatu. Aone kama bawaba imeshikwa kwa pini ya chuma au kwa kijiti cha plastiki kilichoyeyushwa ncha, kwani hicho cha pili hukatika upesi. Asikie kama kiungo kinatoa mlio mdogo kinapofika mahali pake, au kinalegea tu kama mkono wa mlevi. Ikiwa rangi inabaki vidoleni, airudishe. Na kama mtoto ni mdogo, wa kutia kila kitu kinywani, aiache kabisa, maana ngumi ya roboti inatosha kuziba koo.

Ikiwa hakuna fedha, waya upo. Gari la waya na makopo, lenye magurudumu yaliyokatwa katika malapa ya zamani na usukani mrefu unaomfikia mtoto kiunoni, si mchezo wa kimaskini unaongoja siku ya kubadilishwa na plastiki ya dukani. Mtoto wa Lurujo anayetaka tela la lori lake linyanyuke na kumwaga mchanga, kisha lilale tena sawasawa bila kitu kubaki nje, anapambana na swali lile lile lililomsumbua Murakami. Asipopata bawaba hutumia kipande cha ndara; asipopata pini hutumia msumari. Tundu la msumari huo ndilo hupanuka kwanza, na tela huanza kuyumba upande mmoja. Dawa yake ni kipande kidogo cha bati kilichoviringishwa mara mbili kuuzunguka msumari, na baba mwenye koleo anaweza kukitengeneza kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai.