Gorogoro Moja



Anunuaye mahindi kwa gorogoro zima, akauza kwa lililobonyea, ni mdanganyifu. Na katika hoja zetu je?

Wanaume wawili wakitaka kuoana, twafungua Mathayo 19: ndoa ni ya mume na mke. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, nayo yataja watu wa jinsia tofauti. Lakini Yesu alikuwa akimjibu nani pale? Mafarisayo, waliouliza habari ya kuwaacha wake zao! Basi ndugu, ukiishika sura hiyo, ishike yote. Je, mkeo yuko wapi? Neno limpimalo jirani hutupima sisi kwanza.