Mama, Baada ya Kujifungua Usilale Tu, Wala Usikimbilie Dumu

Mama, ulipojifungua mara ya mwisho, zilipita siku ngapi kabla hujajitwisha tena dumu la maji? Kama ulikuwa na mama mzazi au wifi wa kukusaidia, huenda ulipata arobaini yako yote. Kama ulikimbia peke yako na watoto, labda hukupata hata wiki.

Makosa yapo pande mbili. Kuna mzazi anayewekwa kitandani siku zote arobaini, haruhusiwi hata kutoka nje. Kuna mwingine anayerudi bombani siku ya nne. Wote wawili wanajiumiza.

Kulala muda mrefu bila kutembea huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi wiki sita za kwanza baada ya kujifungua. Kwa hiyo inuka mapema, tembea taratibu kuzunguka nyumba. Hata aliyefanyiwa upasuaji husaidiwa kusimama na kutembea mapema, kwa kawaida ndani ya siku moja.

Sasa dumu. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mzigo wa kuni unaweza kuzidi hapo. Chini ya tumbo lako kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda. Ndiyo inayoshikilia kibofu cha mkojo, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtoto anapopita, misuli hiyo huvutika sana, na huhitaji wiki nyingi kupata nguvu tena. Ukiibebesha mzigo mzito mapema, inasukumwa chini. Ndipo mama anakohoa au kucheka na mkojo unamtoka, au anahisi kitu kinashuka ukeni. Wengine huambiwa kuwa ndivyo uzazi ulivyo, wakanyamaza kwa aibu miaka mingi. Si kweli. Matatizo haya yana matibabu, na mara nyingi mazoezi husaidia sana.

Zoezi lenyewe halihitaji nafasi wala nguo maalum. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Hesabu hadi tano huku ukipumua kama kawaida, kisha legeza. Pumzika kidogo, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, unaponyonyesha au ukiwa kwenye foleni ya mgao, hakuna atakayejua. Usilifanye wakati unakojoa. Kufunga tumbo kwa kitenge hakuchukui nafasi ya zoezi hili, na ukikaza mno unasukuma kizazi chini.

Kwa wiki sita usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Tunajua ni rahisi kuandika hivyo. Nanyi akina baba, maji na kuni za wiki hizo ni zenu. Anayeona aibu kuonekana bombani aende alfajiri. Asiye na msaidizi kabisa achote kidogo kidogo kwa kidumu cha lita 5.

Baada ya hapo ongeza taratibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kuutumikisha mwili kiasi cha kuhema. Utasema: mimi natembea kutwa, mazoezi ya nini? Kweli, kutembea haraka na kulima vinahesabika. Lakini anayeuza nyanya ameketi toka asubuhi anahitaji kutembea. Hayo hayaharibu maziwa, na huchangamsha moyo uliolemewa.

Ukiona damu nyingi, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au kichwa kuuma sana na macho kuona kiza, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Mkojo unaovuja mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, ni jambo jingine: huenda ni fistula. Hiyo kwa kawaida huhitaji upasuaji. Waliotoka Kivu wanaijua hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999; wanawake wengi wametibiwa fistula huko.

Ukija kliniki ya wiki sita, usieleze habari za mtoto peke yake. Mwambie muuguzi: nami mkojo unanitoka.