Je, wajua? Shaba iliyo ndani ya ngozi yako

Je, wajua kwamba mwili wako hauwezi kutengeneza rangi ya ngozi bila shaba? Ndani ya ngozi kuna kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, na katikati yake zimekaa atomi mbili za shaba. Kimeng'enya hiki ndicho kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, rangi ya kahawia na nyeusi iliyo kwenye ngozi, nywele na macho. Shaba ikikosekana, kazi inasimama. Ng'ombe mweusi anayelishwa majani yasiyo na shaba ya kutosha hufifia manyoya, akawa mwekundu au wa kijivu. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa adimu wa Menkes, ulioelezwa na daktari John Menkes mwaka 1962, miili yao hushindwa kuifikisha shaba inakotakiwa, na nywele zao huwa dhaifu, zimejipinda na zimepauka.

Shaba yote iliyo mwilini mwa mtu mzima ni kama miligramu 100 tu, sehemu ya kumi ya gramu. Lakini Likasi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, umezoea kuihesabu shaba kwa tani. Kiwanda chake cha Shituru kilianza kuisafisha kwa umeme mwaka 1929, na kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba. Kwa hiyo swali hili linastahili kuulizwa katika mji huu: kwa nini Mzungu hulipa nauli akalale ufukweni ili ngozi yake iwe ya maji ya kunde, na hapa Likasi yuko dada anayelipa krimu ili maji ya kunde aliyozaliwa nayo yamtoke? Wote wawili wanacheza na kimeng'enya kilekile, mmoja anakichochea na mwingine anakizima.

Rangi inavyotengenezwa

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi zimekaa seli ziitwazo melanosaiti. Kila moja hutengeneza melanini, huifunga katika vifuko vidogo, kisha huzigawia seli jirani zaidi ya 30. Vifuko hivyo vikifika ndani ya seli hujikusanya juu ya kiini, upande unaotazama jua, vikakaa kama mwavuli. Kilichofunikwa chini yake ni DNA, maandishi ya urithi ambayo seli huyafuata ili kuishi na kugawanyika.

Mtu wa Likasi na mtu wa Ostend, mji wa pwani ya Ubelgiji, wana melanosaiti karibu sawa kwa idadi. Wanatofautiana katika wingi wa melanini, aina yake, na ukubwa wa vifuko vyake. Tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 1979 mtafiti Kaidbey na wenzake walipima tabaka la juu la ngozi wakaona kwamba ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya miale ya urujuanimno aina ya B, na ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24.

Mtu akikaa juani, miale hiyo huigandisha DNA mahali pasipostahili. Protini iitwayo p53 hugundua uharibifu huo na kuamuru homoni itolewe, nayo hubisha hodi kwenye melanosaiti. Tirosinasi huongezwa, na baada ya siku mbili au tatu ngozi huwa nyeusi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa Mbelgiji aliyelala mchangani, na ndivyo ilivyo kwa mama anayeuza nyanya barabarani bila kivuli. Kwa hiyo rangi ya kuota jua ni jibu la mwili kwa jeraha ambalo tayari limekwisha kuingia. Na kinga yake ni ndogo: Mzungu aliyebabuka vizuri huongeza muda wa kuhimili jua mara tatu au nne tu, baada ya hapo anaungua.

Jua la Likasi

Likasi iko kama nyuzi 11 kusini mwa ikweta, juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,300 hivi. Jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na tarehe 22 Oktoba. Februari mawingu ya mvua hutusaidia. Oktoba mvua hazijashika, anga ni wazi, na mwinuko wa nchi unaongeza ukali, kwa kuwa miale ya urujuanimno huzidi kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Adhuhuri ya mwezi huo kipimo cha miale hupita 11, daraja ambalo Shirika la Afya Duniani linaliita la kupindukia.

Ngozi nyeusi ililelewa chini ya jua la namna hii. Mwaka 2000 Nina Jablonski na George Chaplin walieleza kwamba miale mikali huharibu foleti, vitamini inayohitajika ili mimba ikue salama, na melanini nyingi huilinda. Watu waliohamia kaskazini, ambako jua la baridi liko chini sana, walihitaji ngozi inayopitisha miale ili itengeneze vitamini D na kuimarisha mifupa. Tena, Afrika yenyewe ina rangi zote hizo. Mwaka 2017 kundi la Sarah Tishkoff lilichapisha vipimo vya ngozi vya Waafrika zaidi ya 2,000 kutoka Ethiopia, Tanzania na Botswana. Jeni za weusi na jeni za weupe zote zilionekana kuwa za kale sana katika bara hili, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko binadamu wa leo.

Gharama ya kukosa mwavuli wa melanini wanaijua wenzetu wenye ualbino. Kwao saratani ya ngozi ni hatari ya kila siku, na kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni vitu vya lazima kama chakula.

Ulaya ilivyolipenda jua

Wazungu hawakuwa na mapenzi haya tangu zamani. Kwa karne nyingi matajiri wa Ulaya walijificha jua. Mkulima alibabuka shambani, na bibi wa kasri alibaki mweupe chini ya paa. Waliotaka weupe zaidi walijipaka unga wa risasi usoni, nao ukawala ngozi.

Kisha viwanda vikaja. Wafanyakazi waliondoka mashambani wakaingia migodini na kwenye karakana za miji yenye moshi, wakawa wao ndio weupe. Watoto wao walipinda miguu kwa matege. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na mwaka huohuo Auguste Rollier alifungua kliniki ya tiba ya jua huko Leysin, milimani Uswisi. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba taa ya urujuanimno huponya matege. Jua likageuka dawa, na anayelipata akaonekana mwenye afya.

Katika miaka ya 1920 mbunifu wa mavazi Coco Chanel alionekana amebabuka baada ya mapumziko katika pwani ya kusini mwa Ufaransa, na wanawake wa Paris wakamfuata. Wengi humpa yeye sifa yote, ila yeye alipita katika mlango ambao madaktari walikwisha kuufungua. Mwaka 1936 sheria za likizo zenye malipo zilipitishwa Ufaransa na Ubelgiji, na mfanyakazi wa kawaida akaweza kwenda baharini siku chache. Kurudi kazini na rangi ya jua kukawa tangazo kwamba umepumzika.

Ajabu ni kwamba wakati uleule Wabelgiji walioishi hapa walilikimbia jua hilohilo. Mji uliitwa Jadotville wakati huo, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, na haukurudishiwa jina la Likasi hadi 1966. Mzungu wa koloni hakutoka nje mchana bila kofia yake ngumu. Vitabu vya udaktari vya enzi hiyo vilifundisha kwamba jua la tropiki huharibu mishipa ya fahamu ya mtu mweupe. Daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, aliandika kitabu kizima juu ya hofu hiyo mwaka 1905. Jua lililosifiwa Ostend liliogopwa Jadotville.

Rangi ya mwenye nafasi

Ukiziweka habari hizi pamoja, kanuni inajitokeza: jamii husifu rangi ya mtu mwenye nafasi. Pale ambapo maskini hufanya kazi juani, weupe ndio fahari. Pale ambapo maskini hufungiwa ndani, kubabuka ndiko fahari.

Likasi ya leo iko katika fungu la kwanza. Wanaopigwa na jua ni wachimbaji wa mikono, wakulima, waendesha pikipiki na akina mama wa sokoni. Wasiopigwa wamekaa ofisini. Juu ya hilo, ukoloni uliongeza uzito wake: kwa miaka mingi rangi iliamua mtu aishi mtaa gani, alipwe kiasi gani na apite mlango upi. Mtoto aliyekua akiona hivyo hakuhitaji kufundishwa kwamba weupe ni cheo. Sheria zile zilikufa, ila somo lake bado linauzwa kwenye makopo.

Lakini je, jicho lenyewe, likiachwa huru, hutafuta nini? Mwaka 2006 Bernhard Fink, Karl Grammer na Paul Matts walichukua picha za ngozi za wanawake wa rika mbalimbali, wakaziweka zote juu ya umbo moja la uso, ili zibaki kutofautiana kwa ngozi tu. Ngozi yenye rangi iliyolingana kila mahali ndiyo iliyoonekana changa na yenye afya. Mwaka 2011, huko Uskoti, Ian Stephen, Vinet Coetzee na David Perrett waliwapa watu nafasi ya kuchagua kati ya rangi ya melanini na rangi ya karotini usoni. Watu walielemea karotini, ile rangi ya dhahabu inayotokana na mboga na matunda. Hivyo hata kwa Wazungu, kilichovutia zaidi hakikutoka juani, kilitoka mezani. Na karotini hizo hazihitaji kuagizwa mbali: zimo kwenye mawese mekundu tunayopikia sombe, na kwenye lengalenga ya kila siku.

Krimu zinazoshambulia shaba

Sasa tuangalie krimu za kujichubua zinafanya nini. Zebaki huingia ndani ya tirosinasi na kuisukuma shaba nje, ikakaa mahali pake. Asidi ya kojiki huikamata shaba na kuifunga. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya na kuzitia sumu melanosaiti zenyewe. Kemikali ndugu yake ilijulikana kwa bahati mbaya: mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza jinsi wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama walivyotokwa na mabaka meupe mikononi, na chanzo kikawa dawa iliyotiwa kwenye mpira wa glavu zao.

Madhara hayabaki kwenye rangi. Zebaki hupita kwenye ngozi ikafika kwenye figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huleta mabaka ya bluu na nyeusi mashavuni, ambayo daktari Findlay aliyaeleza Afrika Kusini mwaka 1975. Yaani anayetafuta weupe huishia na weusi usiolingana, kinyume kabisa cha kile jicho linachokipenda. Steroidi kali kama klobetasoli hukondesha ngozi, huchora michirizi, huchelewesha vidonda kupona, na huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimezikataza krimu hizi, na mwaka 2018 polisi wa Rwanda walizisaka madukani. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamuru vipodozi vyenye zebaki vikomeshwe. Hata hivyo kopo halijui mpaka, na mara nyingi mlinzi wa mwisho ni mnunuzi mwenyewe. Basi soma lebo. Ukiona maneno ya Kifaransa *hydroquinone*, *mercure* au *clobétasol*, lirudishe kopo kwenye rafu. Kopo lisilotaja lililo ndani yake lirudishe pia. Aliyekwisha kuzoea krimu ya steroidi asiiache ghafla peke yake, kwa maana ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Aende hospitalini asimamiwe.

Mzungu anayejichoma ufukweni na dada anayejichubua Likasi wanafukuzia kitu kimoja: kuonekana kama mtu asiyeteswa na kazi. Muuza krimu anakuuzia alama ya nafasi hiyo. Nafasi yenyewe, yaani mshahara wa kutosha, kivuli sokoni, mboga mezani na usingizi wa usiku, hana. Hayo ndiyo ya kudaiwa, kwa sauti, na kwa wanaohusika. Shaba ya ngozi iachwe ifanye kazi yake.