Kilimambogo: Mlima Ulioonya kwa Jina

Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi. Lakini kwa anayetaka kuupanda kwa miguu, jina la kushika ni Kilimambogo, kwani mbogo wangali humo na ndio wanaoamua utembee vipi.

Mlima huu wa mita 2,145 uko kaskazini mwa Kaunti ya Machakos. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na msimamizi wake ni Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Kutoka langoni hadi kileleni ni takriban kilomita 9 za kupanda tu. Tenga saa tatu na zaidi, na usiondoke bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki.

Mbogo hula usiku, alfajiri na jioni. Jua likiwa kali huingia kichakani kucheua, kwa hiyo msitu unaoonekana mtupu saa sita mchana huenda umemficha hatua chache kutoka njiani. Kundi likisikia watu kwa kawaida hujiondokea. Wa kuogopwa ni dume mzee anayeishi peke yake: hana mwenzake wa kumtahadharisha, na akikurupushwa karibu huja mbio. Ndiyo maana askari hukagua kama kinyesi ni kibichi, tena huupima upepo. Ukivuma kutoka mgongoni mwako, harufu yako inakutangulia naye atakupisha. Ukikupiga usoni, utamfikia hana habari. Hapo ongeeni kwa sauti ya kawaida. Kunyatia ni kosa.

Pa kupumzikia pazuri ni penye kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, yuleyule ambaye maktaba ya Nairobi ina jina lake.

Hema lipigwe kwenye kambi iliyotengwa, kamwe si juu ya vijia vya wanyama. Pika kwa jiko la gesi, kuni ziache msituni. Chakula kifungie garini, maana nyani na tumbili hawabishi hodi. Beba sweta pia. Usiku una baridi.

Ukibahatika na anga safi, kutoka juu utauona Mlima Kenya. Lakini mawingu huwahi kuufunika, hivyo itakubidi uanze safari mapema, saa ambayo mbogo naye bado yuko malishoni. Mwache askari atangulie.